Kibodi Iliyokufa

Tarehe 9 Mei

Daftari hili nilipewa bure kwenye duka la mbolea. Lina picha ya pichi kwenye jalada na kalenda ya mwaka jana. Mwanangu Hung aliniambia kwenye simu, "Mama, andika. Baba alikuwa anaandika kila siku, sasa zamu ni yako." Kwake ni rahisi kusema. Anaishi Hsinchu, ghorofa ya kumi na nne, hana mlima nyuma ya jiko.

Zamu yenyewe ni hii. Juu ya kijiji chetu cha Lengkeng, yanapoishia mashamba ya mapichi, kuna ufa ardhini wenye urefu wa hatua themanini. Chini yake kuna nyumba kumi na moja, yetu ni ya nne. Kwa miaka kumi na tisa mume wangu, Peng, alipanda kila alasiri na utepe wake, akapima umbali kati ya vigingi viwili vya chuma, kimoja upande huu wa ufa na kingine upande ule, kisha akarudi kuiingiza namba kwenye kompyuta mpakato. Akifika mlangoni alijifuta matope na kusema, "Mlima umelala." Mimi napakua wali.

Mwezi wa pili kiharusi kilimwangusha. Upande wa kulia haufanyi kazi na maneno yamemwisha kabisa. Koti la njano la wanaojitolea kuangalia mvua sasa nalivaa mimi, na linanifika hadi magotini.

Leo mvua za plamu zimeanza, zile ndefu zinazoozesha nguo kwenye kamba. Nimepanda, nimepima: milimita 618. Sijui kama hiyo ni nyingi au kidogo. Namba zake zote zimo kwenye kompyuta, na mimi sijawahi kuifungua.

Tarehe 10 Mei

618. Mvua. Nguo hazijakauka.

Tarehe 13 Mei

Nimeitoa kompyuta kwenye rafu ya jikoni. Ndipo nilipogundua nilichokifanya. Tangu mwezi wa pili nimeiweka juu ya sufuria ya umeme ya wali, na kila siku mara mbili mvuke ukapanda moja kwa moja tumboni mwake. Skrini imewaka vizuri, ikaniomba nenosiri. Lakini nusu ya vitufe vimekufa, na kimoja kinajibonyeza chenyewe, kinajaza nukta kwenye kile kisanduku kama mtu asiyeonekana anaandika. Nikaogopa, nikabonyeza ovyo. Maandishi yakatokea: yamebaki majaribio saba.

Nikampigia Hung.

"Mama, usiguse tena," akasema, na sauti yake haikunipendeza. "Ni mimi niliyeiweka hivyo. Ukikosea mara kumi inafuta kila kitu."

"Kwa nini uliweka upumbavu kama huo?"

"Kwa sababu Baba ana majina ya watu humo, nani mgonjwa, nani anaishi peke yake. Niliogopa wezi."

"Wezi wapande huku juu kuiba namba za ufa?"

Kisha akaniambia kwamba hata diski ikitolewa haitasaidia, vyote vimefungwa kwa nenosiri hilo hilo, na Baba alilibadilisha mwenyewe bila kumwambia. Kitu kimoja tu anakijua: Baba hatumii herufi za Kizungu. Anafanya kama watu wengi wa huku. Anaandika maneno yetu kwa kufuata alama zetu za sauti kwenye vitufe, na mashine inapokea herufi ya Kizungu au tarakimu iliyo kwenye kitufe hicho hicho. Kwa mashine ni takataka ya herufi na tarakimu, kwake ni maneno ya kawaida.

"Maneno gani?" nikauliza.

"Mama, wewe ndiye mkewe."

Peng alikuwa ananitazama kutoka kitandani muda wote huo, jicho moja limefumba nusu.

Tarehe 14 Mei

619.

Tarehe 17 Mei

619. Njiani nimekutana na Mwenyekiti Chan akifunga mapichi yake kwenye mifuko ya karatasi, tunda moja moja, kofia imelowa. Huyu ndiye mwenyekiti wetu wa kijiji na ndiye mwenye kipaza sauti. Akisema "tokeni" watu wanatoka.

"Shemeji," akaniita, "mlima unasemaje? Au na wewe unataka kutulaza shuleni kama mzee?"

Wenzake wakacheka. Miaka mitatu iliyopita Peng aliwaambia watu waondoke, wakalala sakafuni shuleni siku nne, mapichi yakaiva na kuanguka, na mlima haukusogea hata kidogo. Tangu hapo Chan anamwita Bwana Maporomoko. Kwenye arusi, kwenye mazishi, popote. Peng alikuwa anatabasamu tu. Mimi sikutabasamu na sijasamehe.

"Mlima unasema ufunge vizuri mapichi yako," nikamjibu, nikapita. Lakini nimeulizwa swali ambalo sina jibu lake. Nikisema tokeni bure, hakuna atakayenisikiliza tena. Nikikaa kimya na mlima ukashuka, ni watu ishirini na tisa. Peng angejua. Anayo miaka kumi na tisa ya namba za kulinganisha, na mimi nina siku tisa.

Kuna wakati alikuwa na madaftari ya karatasi. Ukungu ulianza kuyala, ndiyo maana akanunua kompyuta na kuziingiza namba zote humo. Kwenye ofisi ya wilaya alipeleka ripoti mara mbili, wakamwambia haziko kwenye fomu yao. Hakupeleka tena.

Tarehe 20 Mei

Nimeshuka mjini kwa fundi. Ni binti wa miaka thelathini hivi, anaitwa Tu, na juu ya kila mashine dukani kwake ameweka ile pakiti ya kijani ya vitafunio, kama tufanyavyo sote ili mashine zitii.

"Mama, ya kwenu mliiweka?" akauliza kabla hata hajashika bisibisi.

"Tuliiweka."

"Ya kijani? Haijapitwa na tarehe?"

Nikakumbuka kwamba Hung aliila ile ya kijani alipokuja mwezi wa tatu, na mimi nikaweka ya njano iliyokuwa karibu. Nikamwambia ukweli.

"Ya njano," akarudia, akaweka bisibisi chini. "Mama, ya njano ni kuiambia igome. Halafu ukaichemsha kwa mvuke wa wali. Mimi ningekuwa hiyo kompyuta ningehama."

Nimecheka kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa pili. Kisha akachomeka kibodi ya nje, ya waya, akaniambia nijaribu kitu chochote ninachokiamini. Nikaanza kubonyeza kimoja nilichokiamini kidogo. Lakini kile kitufe cha ndani kikajibonyeza katikati ya maneno yangu, kikaharibu. Yamebaki sita. Tu akaizima haraka, akasema hakuna kujaribu tena mpaka aing'oe kibodi ya ndani na kuweka nyingine. Mashine ni ya zamani, itabidi aitafute.

Tarehe 21 Mei

620. Nilichelewa kupanda, giza lilikuwa linaingia. Nilisikia kokoto zikidondoka ndani ya ufa, moja, halafu nyingine. Sikusikia zikifika chini.

Tarehe 22 Mei

621.

Tarehe 23 Mei

621. Peng amekataa kula supu.

Tarehe 26 Mei

623. Kompyuta imerudi. Kibodi mpya nyeusi, inang'aa, imetoka kwenye mashine kuukuu ya Japani. Ile ya zamani fundi Tu amenirudishia kwenye mfuko wa plastiki, kwa sababu anasema kitu cha mteja ni cha mteja. Nimeutundika mfuko msumarini karibu na kitanda.

Nikamkalisha Peng, nikaweka mto mgongoni, nikamwekea kompyuta mapajani. Nilikuwa nimejipa matumaini njia nzima. Hawezi kusema, lakini mkono wa kushoto unafanya kazi, na alikuwa akiandika kwa vidole viwili tu tangu zamani. Kimoja si kitatosha?

"Baba Hung, fungua," nikamwambia. "Ingiza ile paswadi yako. Taratibu tu."

Akainamisha kichwa. Kidole kikazunguka juu ya vitufe, kikazunguka tena, hakikutua popote. Akanitazama. Kisha akaisukuma kompyuta, karibu ianguke.

Nikamwekea tena. Akaisukuma tena.

Nilimkasirikia, naandika hapa kwa sababu ni kweli. Nilimwambia, "Miaka kumi na tisa umeufanya mlima huu kuwa mke wa pili, na sasa unaniachia mimi bila hata kunionyesha mlango." Machozi yalimtoka kwenye jicho lile zima. Nikaenda jikoni nikakata figili kwa nguvu hadi nikajikata.

Jioni nilijaribu peke yangu tarehe yake ya kuzaliwa, kwa tarakimu. Hapana. Tarehe ya arusi yetu. Hapana. Yamebaki manne.

Tarehe 27 Mei

624. Mvua mchana kutwa. Nimemwomba radhi. Sijui kama amenisikia.

Tarehe 29 Mei

626. Jana ilikuwa 625. Kila siku moja. Je, kila mwaka mvua hizi zikija ufa unapanuka hivi, halafu jua likitoka unarudi? Au haujawahi kufanya hivi hata siku moja? Swali hilo nalala nalo na kuamka nalo.

Hung alinipigia saa ya chakula, tukajaribu pamoja. Yeye anajua kwa kichwa alama ipi iko kwenye kitufe kipi, ananisomea herufi, mimi nabonyeza. Tulijaribu jina lake. Hapana. Tukajaribu jina la mbwa wetu aliyekufa, ambaye Peng alimlilia kuliko alivyomlilia mjomba wake. Hapana.

"Mawili," nikasema.

"Basi, Mama. Tusijaribu tena. Njoo ukae kwetu mpaka mvua ziishe, umlete na Baba."

"Na hao wengine kumi?"

"Wengine wapi?"

"Nyumba nyingine kumi, Hung."

Akapumua kwenye simu. Sikumlaumu. Mtoto anamtaka mama yake, si kijiji.

Tarehe 1 Juni

Jua, saa tatu nzima. Kila mtu ametoa magodoro nje. 629.

Tarehe 2 Juni

630. Jua halikuurudisha.

Nilijaribu jina la mungu wetu wa ardhi, yule mwenye kibanda chini ya mlima, kwa sababu Peng alikuwa akimpelekea chai kila asubuhi. Nilimpigia Hung anisomee herufi. Alikataa mara mbili, nikamlazimisha. Hapana. Limebaki moja.

Nimeifunga kompyuta na kuiweka kabatini kwenye shuka. Naiogopa kuliko ufa.

Tarehe 4 Juni

634.

Bibi Lai wa nyumba ya pili, mwenye miaka themanini na saba, ameniita nimsaidie mlango. Hauingii tena kwenye fremu yake. "Mbao zimevimba kwa mvua," akasema. Nikatazama. Mbao hazijavimba. Ukuta ndio umeinama, kidogo sana, upana wa kucha.

"Bibi, kama tukiambiwa tuondoke, utaondoka?"

"Nani atatuambia? Wewe?" Akacheka na fizi zake. "Mzee wako alinilaza shuleni nikapata kikohozi cha miezi miwili. Mimi nitafia hapa, kwenye kitanda changu, nimevaa soksi zangu."

Mwenyekiti Chan anaanza kuvuna keshokutwa. Gari la mnunuzi linakuja tarehe saba. Barabara imebaki njia moja, mawe yamechukua nyingine.

Tarehe 5 Juni

638. Maji ya bomba la chemchemi yamekuwa na rangi ya chai ya maziwa. Sikulala. Nilikaa karibu na Peng nikimshika kifundo cha mkono, naye yuko macho, sote tunasikiliza nyuma ya jiko. Nimeogopa mambo mengi maishani, deni, mtoto mgonjwa, nyoka kwenye kuni. Hayo yote yalikuwa na uso. Hili halina.

Tarehe 6 Juni

Naandika haya sakafuni shuleni. Nitaandika yote kama yalivyokuwa, kabla sijayasahau.

Asubuhi nilipanda saa mbili, sikungoja alasiri. 643. Nilipima mara tatu, nikidhani mikono yangu ndiyo mibaya. Mara ya tatu utepe uliniponyoka ukaingia kwenye ufa, ukaenda. Nikashuka nikikimbia, na mimi ni mwanamke wa miaka sitini na mmoja mwenye goti bovu.

Niliamua kumchukua angalau Peng. Nikaanza kufungasha dawa zake, kadi yake ya hospitali, nepi. Nilihitaji mfuko usiopitisha maji. Nikauchukua ule wa msumarini, nikaimwaga ile kibodi ya zamani kitandani, juu ya blanketi lake, nikaendelea kupanga vidonge.

Nikasikia tik. Kisha tik.

Mkono wake wa kushoto ulikuwa juu ya ile kibodi iliyokufa. Kidole kimoja kikatembea, kikatafuta, kikatua. Tik. Nikadhani anacheza, kama anavyocheza na kingo za blanketi. Nikataka kumwondolea. Akanipiga kofi mkononi, akaelekeza kidevu kabatini, iliko kompyuta. Akatoa sauti ambayo sijaisikia tangu mwezi wa pili, sauti ya mtu aliyekasirishwa na mjinga.

Ndipo nikaona. Kwenye kibodi ya zamani kila kitufe kina herufi ya Kizungu na, chini yake, alama yetu. Kwenye ile mpya ya Japani alama zetu hazipo. Siku ile nilimwekea mapajani kitu asichoweza kukisoma. Fundi Tu haoni tofauti, anaandika bila kutazama. Hung pia. Wote wanaojua kuandika upesi hawakufikiria, na mimi nisiyejua kuandika kabisa sikufikiria. Lakini Peng huandika kwa macho. Kila alama huitafuta kwanza kama mtu anayetafuta kiatu.

Nikaileta kompyuta, nikaifungua mezani, nikapiga magoti kati ya hiyo na kitanda.

"Haya, Baba Hung. Wewe bonyeza hiyo, mimi nabonyeza hii."

Kibodi yake haijaunganishwa popote, haihesabu makosa. Angeweza kukosea mara mia. Yangu ilikuwa na jaribio moja.

Kidole kikatua. Nikainama kusoma herufi iliyo juu ya alama. G. Nikaibonyeza kwenye mpya. Kikatembea kwenda juu kabisa. Sifuri. Nikabonyeza. Kikashuka kwenye kile kitufe kirefu. Nikabonyeza. Alama hizo nilizisoma darasa la kwanza, hazitoki kichwani. Shan. Mlima.

Nikajifuta vidole kwenye blanketi lake.

G tena. J. O. Nne. Kulala. Kisha mkono ukamwangukia kifuani, umechoka, jasho linamtoka kwenye nywele. Hakumaliza.

Lakini sikuhitaji amalizie. Nimelisikia neno hilo mlangoni kwa miaka kumi na tisa, pamoja na sauti ya viatu vinavyokung'utwa. Nilitafuta siku za kuzaliwa, mbwa, miungu. Nilidhani siri ya mtu ni kitu anachoficha, kumbe yake alikuwa akinipa kila jioni kabla ya wali.

Vilibaki vitufe vitatu. Nikavitafuta mwenyewe kwenye kibodi yake, alama kwa alama: X, K, saba. Nikamtazama. Akafumba jicho, akalifumbua. Nikabonyeza.

Ikafunguka.

Ukurasa wa mwisho aliufungua siku moja kabla ya kiharusi. Juu kabisa, kwa herufi nyekundu, ameandika hivi: "Miaka mitatu iliyopita nilikosea. Niliogopa namba kubwa. Ukubwa si kitu, tazama mwendo. Mlima wa nyuma ya hekalu kabla ya kuanguka, ufa wake ulipanuka zaidi ya milimita tatu kwa siku, siku mbili mfululizo. Ikifika hapo usipime tena, ondoka. Chan ana haki ya kunicheka, na akicheka tena, mwambie mara hii nimehesabu vizuri."

634. 638. 643. Nne, halafu tano.

Nikaibeba kompyuta ndani ya koti la njano, ikiwa wazi, nikakimbilia banda la Chan. Alikuwa na wanawake sita wanapanga mapichi kwenye masanduku.

"Shemeji, si sasa," akasema bila kuinua kichwa. "Kesho gari linakuja."

"Soma."

"Nitasoma jioni."

"Chan, soma. Umetajwa."

Akafuta mikono, akasoma. Akasoma tena, midomo inatembea. Pale penye jina lake alikaa muda mrefu. Nilikuwa nimejiandaa kupigana naye, nilikuwa na matusi ya miaka mitatu tayari mdomoni. Akauliza kitu kimoja tu.

"Leo ngapi?"

"Mia sita arobaini na tatu. Jana thelathini na nane. Juzi thelathini na nne."

Akaweka chini pichi alilokuwa ameshika, taratibu, kama yai. Akaenda ofisini kwake, tukasikia kipaza sauti kikikwaruza.

"Majirani, ni mimi Chan. Acheni mapichi. Narudia, mimi Chan ndiye ninayesema acheni mapichi. Chukueni dawa, vitambulisho na wazee. Bwana Peng amepima. Tunatoka sasa, kabla ya saa nane."

Bibi Lai alikataa, alijifungia na ule mlango usiofunga. Chan akauingiza bega, akambeba mgongoni, naye akampiga kichwani kwa upawa njia nzima hadi kwenye gari. "Piga, bibi, piga tu," nilimsikia Chan akisema, "ukichoka niambie nibadilishe upande." Soksi zake alikuwa amezivaa.

Watu ishirini na tisa. Nimewahesabu mara nne. Peng amelala hapa kando yangu. Ile kibodi hakukubali niiache, imo chini ya blanketi lake.

Tarehe 7 Juni

Mvua. Watu wananitazama. Mlima haujafanya kitu. Mnunuzi amepiga simu, Chan ametoka nje kuongea naye. Mtu mmoja amesema kwa sauti ili nisikie, "Kama safari ile." Chan akamwambia anyamaze.

Naogopa kwamba utaanguka, na naogopa kwamba hautaanguka. Mungu anisamehe kwa hilo la pili.

Tarehe 8 Juni

Saa kumi na mbili na dakika arobaini asubuhi, tukiwa tunakunywa uji. Haukuwa mshindo kama nilivyofikiria. Ulikuwa mnguruo mrefu wa chini, na vijiko vikatetemeka kwenye mabakuli. Kisha kimya, kisha harufu ya udongo ikapanda hadi shuleni.

Nyumba sita hazipo. Ya Bibi Lai haipo. Banda la Chan na shamba lake lote la mapichi havipo. Yetu imesimama, ila jiko halipo, na rafu, na sufuria ya wali. Watu wote ishirini na tisa walikuwa na vijiko mikononi.

Bibi Lai hakulia. Alimwita Chan, akampa yai lake la kuchemsha.

Tarehe 10 Juni

Sikukuu ya majani ya mianzi imetukuta hapa. Watu wa mjini wametuletea wali wa kunata uliofungwa kwenye majani, bado wa moto, na Tu fundi amekuja na pakiti ya kijani, akaiweka juu ya kompyuta bila kuniomba ruhusa. Chan alikaa pembeni ya godoro la Peng muda mrefu. Sikusikia alichosema. Mara moja tu niliona Peng akitabasamu, upande mmoja.

Wakati watu wanakula, nilifungua kompyuta nikaanza kusoma kuanzia mwanzo. Nilitaka kujua tu alikuwa akifanya nini huko juu mchana wote. Kurasa za vipimo ni namba na tarehe, hakuna kingine. Lakini tarehe ninazikumbuka. Siku Hung alipofanya mtihani wa chuo: imezidi milimita mbili. Siku tuliyomzika mama yangu: mbili na nusu. Mwaka wa ile tufani, wiki nzima, moja, mbili, moja, mbili. Jioni hizo zote alikung'uta viatu, akasema mlima umelala, na mimi nikapakua wali nikalala usingizi wa mtoto. Hakukosa hata jioni moja. Mlima haukuwa umelala hata robo ya siku hizo.

Nilidhani ananiletea habari. Alikuwa anajibebea peke yake, na kila alipotaka kufungua hizo namba mashine ilimlazimisha kuuandika uongo ule kwanza.

Nilimwinamia. "Baba Hung, ulikuwa unanidanganya."

Akafumba jicho, akalifumbua.

Leo hakuna kipimo. Vigingi vimekwenda na mlima. Wataalamu wamekuja na vyombo vyao, wanasema sehemu iliyobaki juu bado wanaichunguza, bado hawajui, tusubiri. Mvua imeanza tena kwenye bati. Tangu jana kila bati likilia naruka.

Ameniona nikiruka. Mkono wa kushoto umeingia chini ya blanketi, ukaitoa ile kibodi. Kidole kikaanza kutafuta. G. Sifuri. Kile kirefu. Nikamwambia aache, apumzike, hakuna mashine hapo, hakuna kinachofunguka. Hakuacha. G, J, O, nne. Akavuta pumzi, akaendelea mpaka mwisho, vile vitatu ambavyo siku ile vilimshinda. X. K. Saba.

Kisha akanitazama, akangoja, kama alivyokuwa akingoja mlangoni.

"Haya," nikamwambia. "Nimesikia."

Nikajilaza kando yake.